Orodha kunjuzi ikikataa SelectedValue

Kwa mnaotumia DropDownList (orodha kunjuzi) ya ASP.NET Web Forms, mfumo wa Microsoft wa kuunda kurasa za wavuti: ukurasa ukilipuka kwa kosa la SelectedValue (thamani iliyochaguliwa) isiyokuwemo kwenye orodha, usikimbilie kubadilisha hoja (query) ya hifadhidata. Kwanza linganisha thamani mbili, ile iliyohifadhiwa kwenye rekodi na ile iliyomo kwenye orodha, herufi kwa herufi.

Mara nyingi mchawi ni nafasi tupu. Safu (column) ya hifadhidata ya aina ya char(10), yaani maandishi ya urefu maalumu wa herufi kumi, hujazwa nafasi tupu hadi zitimie herufi kumi, kwa hiyo "TZ" inakuja na mkia wa nafasi nane. Kwa macho huoni kitu. Mimi niliwahi kupoteza mchana mzima hapo, na dawa ilikuwa Trim() tu, yaani kukata nafasi za mwanzoni na mwishoni. Herufi kubwa na ndogo nazo huhesabiwa tofauti.

Sababu nyingine ni rekodi ya zamani inayotaja kipengee kilichokwisha kufutwa, au safu yenye NULL (isiyo na thamani yoyote). Kwa NULL, weka ListItem (kipengee cha orodha) yenye Value="" kwa mkono kisha uwashe AppendDataBoundItems, ili vipengee vya hifadhidata viongezwe juu ya hicho bila kukifuta. Ila ukiita DataBind (amri ya kujaza orodha kwa data) tena bila kusafisha Items, yaani vipengee vilivyomo, vipengee vitajirudia. Kwa kipengee kilichofutwa, tafuta kwanza thamani yake kwenye orodha kwa FindByValue. Ikirudisha null, usichague chochote.

Na kama hakuna kosa lolote ila chaguo la mtumiaji linarudi kwenye kipengee cha kwanza kila akibofya kitufe, angalia Page_Load (msimbo unaoendeshwa kila ukurasa unapopakiwa): huenda unaita DataBind bila kuuliza IsPostBack, yaani kama ukurasa umerudishwa kwenye seva baada ya mtumiaji kubofya, hivyo orodha inajazwa upya na chaguo lake linapotea.