Kabati na simu ya marehemu: visiguswe kwa pupa

Matanga yakianuliwa, wa kwanza kusimama mbele ya kabati mara nyingi ni mawifi na mashangazi. Nia yao njema: hawataki mjane aione suruali inaning'inia akaanza kulia upya. Saa moja tu, nguo zimeingia kwenye viroba na nusu yake zimepanda basi la kijijini. Miezi mitatu baadaye mjane analitafuta shati moja tu, na halipo. Kwa hiyo ufunguo wa kabati akabidhiwe mtu mmoja anayeaminika, na kila anayeuliza ajibiwe, "Bado, tutawaita."

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue kama ana mimba, na nguo zinaweza kusubiri muda huo wote. Mgane hana eda, na hapo ndipo ndugu humharakisha: kanga za mkewe zimeshagawanywa, na arobaini haijafika ameshatafutiwa mtu.

Tenga nguo mbili ambazo hazijafuliwa, za kuhifadhi harufu yake. Chagua zile alizovaa nyumbani siku za uzima. Za hospitali acha, zina harufu ya dawa na zitakurudisha wodini kila ukizishika. Hakikisha ni kavu kabisa, maana unyevu wa pwani ukifungiwa huzaa ukungu, na ukungu ukiingia hutanusa kitu kingine. Kila nguo iwe na kopo lake la plastiki lenye mfuniko unaobana, jipya, lisilowahi kuwekwa viungo. Kopo likae kabatini mbali na jua, na vidonge vya nondo visisogee karibu. Harufu hupungua kila ukifungua. Ndiyo maana ziwe mbili: moja ya kufungua usiku ukizidiwa, nyingine ya akiba.

Nguo nyingine, kabla hazijatoka, pekua mifuko yote, hata ya ndani ya koti. Stakabadhi za kodi, karatasi za mkopo, daftari la kikoba, vyote viingie bahasha moja ya msimamizi wa mirathi. Kwa Tanzania, msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ya mwanzo hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi 4, na kikaratasi cha mfukoni kimeshamaliza ugomvi mwingi wa "alikuwa ananidai" na "nilikuwa namdai".

Jingine linalosahaulika: nguo nazo ni mirathi. Kwa Waislamu hutangulia gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane. Kumtolea marehemu sadaka ya saa yake na kanzu mpya wakati kuna watoto wadogo ni kugawa mali ya yatima. Warithi wazima waridhie kwanza, tena watoe kwenye fungu lao; la mtoto haliguswi.

Jikoni, mkono utaendelea kupima mchele wa wawili kwa muda mrefu. Tafuta kikombe kidogo cha kupimia, kile cha zamani kiweke juu. Kitandani, wengi hupata usingizi wakihamia upande wa marehemu, kwa kuwa hapo hawaoni nafasi tupu. Kuisemesha picha yake si wazimu. Ila asiyekula, asiyelala wiki kadhaa, au anayesema anataka kumfuata, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na majonzi yakibaki makali yaleyale baada ya miezi 6 hata kazi hazifanyiki, Shirika la Afya Duniani huyahesabu kuwa ugonjwa wenye tiba.

Simu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Usibahatishe namba ya siri mara nyingi. Baadhi ya simu hujifuta zenyewe. Pesa zilizomo usizitoe hata kama namba ya siri unaijua, ni za warithi wote: nenda duka la kampuni ya simu na cheti cha kifo na barua ya usimamizi. Sauti alizokutumia WhatsApp zimo kwenye simu yako pia, basi anzia hapo. Bonyeza sauti mpaka ichaguliwe, ishiriki kwenda barua pepe yako, kisha inakili kwenye flashi. Fanya hivyo kabla hujabadilisha simu, maana zilizopotea hazirudi. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika hufutwa kwa kawaida baada ya siku 120.

Laini nayo isipotumika muda mrefu hufungwa, kisha namba huuzwa upya. Iwekwe kwenye simu ndogo, itiwe vocha kidogo na ipige mara moja kila mwezi mpaka mirathi iishe, kwani benki na wadeni bado watatuma ujumbe huko. Siku ya kuiachia, mjane aambiwe mapema. Wapo wanaoipiga usiku kwa mazoea, na siku hiyo hupokea kijana wasiyemjua: "Haloo, nani mwenzangu?"