Namna ya kupiga hesabu ya wahamiaji kwenye uchumi na Hazina

Swali la "wahamiaji wanatuletea faida au hasara?" halijibiki mpaka utaje mambo matatu: wahamiaji gani, kwa miaka ipi, na mfuko wa nani. Mhandisi mwenye kibali cha kazi Dar es Salaam, mkulima aliyetoka Burundi mwaka 1972 akapewa shamba Mishamo, makazi ya wakimbizi, na mama aliyepokelewa kambi ya wakimbizi wiki iliyopita hawaingii kwenye hesabu moja. Kila kundi liwe na karatasi yake. Ukiwachanganya, utapata wastani usiomhusu yeyote kati yao.

Anza na mapato, maana ndiyo mepesi kuyafuatilia. Chukua mgeni anayelipwa shilingi 3,000,000 kwa mwezi Tanzania Bara. Kwanza hakikisha kama kikodi ni mkaazi. Njia mojawapo ya kuhesabiwa hivyo ni kukaa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka. Akiwa mkaazi, ondoa mchango wake wa hifadhi ya jamii, 10%, yaani 300,000. Zinabaki 2,700,000. Milioni ya kwanza inazaa kodi ya 128,000, na 1,700,000 zilizozidi zinatozwa 30%, sawa na 510,000. PAYE yake, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ni 638,000 kwa mwezi, au 7,656,000 kwa mwaka.

Zile 300,000 za hifadhi ya jamii usiziandike kama mapato ya serikali. Ni deni: siku moja atazidai, kama mafao au pensheni.

Halafu VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ikiwa kwa mwezi anatumia 1,180,000 kwenye bidhaa na huduma zinazotozwa 18%, kodi iliyomo ni 180,000, si 212,400. Bei ya dukani tayari imebeba kodi ndani yake, kwa hiyo igawanye kwa 118 kisha uzidishe kwa 18. Pango la nyumba ya kuishi na vyakula visivyosindikwa havina VAT, hivyo viache nje. Na fedha anazotuma kwao kila mwezi ziondoe kabla hujakadiria matumizi. Hizo zitatozwa kodi za huko zinakokwenda.

Upande wa matumizi unadai umakini zaidi. Kosa kubwa ni kuchukua bajeti nzima, kuigawa kwa idadi ya watu, kisha kumbebesha kila mgeni fungu lake. Riba ya deni la taifa na mishahara ya jeshi havipandi kwa sababu familia kumi zimehamia. Uliza gharama iliyoongezeka. Watoto watatu wakiingia darasa lenye nafasi, nyongeza ni vitabu na madawati. Wakiingia watoto 60, unahitaji chumba kipya na mwalimu mwingine, na gharama inaruka ghafla. Ndiyo maana idadi ileile ya watu ikitawanyika mikoa mingi huwa nyepesi, na ikiangukia wilaya moja huelemea.

Wilaya ya Ngara iliyaona hayo Aprili 1994, pale takribani watu 250,000 kutoka Rwanda walipovuka mpaka wa Rusumo ndani ya saa 24 hivi. Utafiti uliofanywa baadaye kuhusu Kagera, mkoa ilipo Ngara, unafundisha kitu ambacho jumla ya mkoa ingekificha. Vyakula visivyokuwemo kwenye mgao wa msaada, kama ndizi za kupika na maziwa, vilipanda bei sana. Vile vilivyogawiwa vilipanda kidogo tu. Mkulima mwenye shamba lake karibu na kambi akapata soko. Mkazi wa mjini anayenunua kila kitu akaumia, na kibarua wa shambani naye akaumia, kwa kuwa sasa alishindana na watu wengi waliokuwa tayari kufanya kazi ileile. Kwa hiyo jedwali lako liwe na safu ya mwenye shamba, ya kibarua na ya mnunuzi. Jumla inaweza kupanda huku kibarua akizama, na yeye ndiye mwenye sauti ndogo kuliko wote.

Tenganisha pia mifuko. PAYE na VAT huenda Hazina; ushuru wa mazao huingia halmashauri. Zahanati inayojaa wagonjwa na barabara ya vumbi inayochimbwa na malori ni mzigo wa wilaya, hata pale serikali kuu inapovuna. Chakula kilicholipiwa na wafadhili kisiandikwe kabisa kama matumizi ya serikali. Lakini askari, hakimu na msitu uliokatwa kuni viandikwe.

Mwisho ni muda. Fanya hesabu ya mwaka wa kwanza, wa kumi na wa thelathini, kila moja peke yake. Mhandisi wetu amefika akiwa amesomeshwa kwa gharama ya nchi nyingine, hivyo anaanza kulipa mara moja. Familia yenye watoto huanza kwa kutumia. Ukikata hesabu watoto wakiwa bado shuleni, utakuwa umeandika gharama ya kilimo na kuacha mavuno. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa kundi lililokimbia Burundi mwaka 1972, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1980 alikuwa gharama tupu mwaka 1990. Kufikia 2014 alikuwa mtu mzima wa miaka 34, anayelima, anayeuza na kukatwa ushuru. Kuanzia mwaka huo, mhamishie kwenye safu ya raia.