Jinsi ya kusimama kwenye mkutano wa kijiji mpaka hoja yako iandikwe

Huku kwetu Umalila, Mbeya, kila mtu analalamika lumbesa, yani gunia linalojazwa kupita kipimo ila linalipwa kama gunia moja. Tunalalamika bombani, tunalalamika kwenye pombe, tunalalamika shambani tukichimba viazi na vidole vimekufa ganzi kwa baridi, alafu Fuso ya mnunuzi ikija sisi sisi ndo tunashika kamba kusaidia kushona kile kilemba juu ya gunia. Mkutano wa kijiji ukiitwa tunakaa kimya, au anasimama mmoja anafoka, watu wanapiga makofi, tunarudi nyumbani na hamna kilichobadilika. Naandika hapa jinsi tulivyofanya sisi, inaweza kukusaidia hata kama shida yenu ni michango ya shule au mpaka wa malisho.

Kwanza ujue huo mkutano ni wako. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefika miaka 18, haijasema mzaliwa, haijasema mwanaume wala mwenye shamba kubwa, na unatakiwa uitwe kila baada ya miezi mitatu. Kama kwenu miezi sita imepita hamjaitwa, basi barua yenu ya kwanza iwe ya kuomba mkutano, mwandikie mwenyekiti kupitia mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata.

Alafu chagua jambo moja. Ukisimama ukaanza na lumbesa ukahamia barabara ukamalizia na zahanati, watakwambia "tumekusikia mama, kaa" na imeisha hiyo. Liandike kwa mistari mitatu minne, peleka kwa mtendaji mapema uombe liwe ajenda, na beba nakala mbili, moja akugongee muhuri na tarehe ubaki nayo. Usingoje "mengineyo", maana muda huo watu wameshaanza kuondoka na akina mama wanawaza jiko.

Sasa hapa kwenye ushahidi ndo usifanye haraka. Sisi tuliazima mizani ya kuning'iniza, tukaifunga kwenye tawi la mti, tukafungua gunia moja lililokuwa limeshonwa tayari tukapima ndoo moja moja, kila mara tunatoa uzito wa ndoo, mtoto wa darasa la sita anaandika kwenye daftari. Ikaja kilo 138. Gunia kisheria lisizidi kilo 100, ndivyo sheria ya vipimo inavyotaka. Yani ukiuza gunia kumi unalipwa kumi, na kilo 380 zimeenda bure, karibu gunia nne za jasho lako. Nilipomwonyesha jirani yangu lile daftari alikaa chini kwenye majani akanyamaza kabisa. Miaka yote tulikuwa tunasema "tunaibiwa", ila hatujawahi kujua ni kiasi gani, na mtu anayesema bila namba ni rahisi sana kumzima.

Kabla ya siku yenyewe ongea na watu watatu hivi wakubali kusimama baada yako, na mmoja awe mzee anayeheshimika. Mfuate kwake, mwamkie vizuri, mweleze taratibu na umwachie naye muda wa kufikiri, maana mzee ukimshtukizia mkutanoni anaweza kukupinga hata kwa jambo analoliunga mkono. Pia usikae nyuma. Sisi wanawake tumezoea kukaa kule mwisho kwenye nyasi na watoto mgongoni, mwenyekiti hawezi kutuona hata tukinyoosha mkono. Kaa anapokuona.

Ukipewa nafasi: "Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, ndugu zangu habari za saizi." Alafu namba zako, alafu ombi lako, ukae. Dakika tatu zinatosha.

Watakurushia maneno. Mi niliambiwa mbele za watu "wewe umekuja kuolewa tu, ya kijiji tuachie wenyewe". Inauma jamani, tena inauma zaidi watu wakicheka. Nilijibu, "Ni kweli baba, nimeolewa hapa, na hivyo viazi ndo vinasomesha wajukuu zenu," nikarudi kwenye kilo 138. Usianze kubishana umezaliwa wapi, ukiingia huko hoja yako imeshakufa.

Ila kuna neno moja usilidharau, "wanunuzi watakimbia". Hilo ni kweli kabisa. Tuliwahi kugoma peke yetu, Fuso ikapita ikaenda kijiji cha jirani, viazi vyetu vikabaki barabarani vimefunikwa majani mpaka vikaanza kugeuka kijani, na aliyeumia ni yule mwenye gunia tatu anayesubiri ada. Kwahiyo ombi letu halikuwa "lumbesa ikomeshwe". Tuliomba kijiji kinunue mizani, na mwenyekiti alipeleke jambo kamati ya maendeleo ya kata, maana wenyeviti wa vijiji vyote wanakaa humo na diwani, ili vijiji vyote vianze kupima siku moja. Mtu anayeogopa njaa mpe njia, usimwite mwoga.

Kabla mkutano haujafungwa simama tena uombe mtendaji asome azimio kama alivyoliandika. Kwetu alikuwa ameandika "wananchi walijadili suala la vipimo", basi. Tukaomba aongeze nani atafanya nini na lini, akaongeza. Na msaini orodha ya mahudhurio wote, kila mtu, hata aliyechelewa.

Mkutano uliofuata, kwenye yatokanayo, mtendaji aliruka ile ya mizani akaenda inayofuata. Nilikuwa ndo nainuka, nikakuta yule mzee aliyesema nimekuja kuolewa tu ameshasimama, ameegemea fimbo, anauliza mizani iko wapi.