Jinsi ya kuijua giaboksi ya mtambo wa upepo, toka kwenye mapanga hadi kwenye jenereta

Ukimuuliza kijana aliyesoma umeme mtambo wa upepo unafanyaje kazi, wengi watakuambia upepo unazungusha mapanga, mapanga yanazungusha jenereta, umeme unatoka. Sawa, ila kwenye mitambo mingi kati ya mapanga na jenereta kuna lichuma lizito limejaa oili, na hilo ndo linalowanyima usingizi mafundi wa matengenezo, maana likifa kwa vibaya linashushwa kwa kreni. Hapa nataka uijue hiyo giaboksi kwa hesabu, kwa sababu ukishakuwa na hesabu ya meno kichwani, mlio ukibadilika unajua umetoka kwenye gia gani kabla hata hujafungua kifuniko.

Tuchukue mtambo uliopo huku kwetu Kenya kwa wingi, Vestas V52. Pale Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, mradi wa Ziwa Turkana umesimamisha 365 za aina hii, kila mmoja kilowati 850, zote pamoja megawati 310 hivi, na Ngong pia zipo. Sio mitambo mikubwa kwa viwango vya leo, lakini kwa kujifunzia ni mizuri sana kwa sababu mpangilio wake ndo ule wa kawaida: mapanga, shafti nene, giaboksi, shafti nyembamba, jenereta.

Anza na kasi mbili

Kabla ya kufikiria gia yoyote andika namba mbili kwenye karatasi: kasi ya mapanga na kasi ya jenereta. Mapanga ya V52 yanachora duara la kipenyo cha mita 52, na kwenye nguvu kamili yanazunguka mara 26 hivi kwa dakika. Ukiangalia kwa mbali unaona kama yanajivuta tu, lakini piga hesabu ya ncha: mzingo wa mita 163 mara 26 kwa dakika, inakuja mita 71 kwa sekunde, karibu kilomita 255 kwa saa! Ukiongeza kasi zaidi ya hapo kelele inakuwa balaa na vumbi linaanza kula ukingo wa panga, kwa hiyo mapanga hayawezi kukimbia, na yakiwa marefu zaidi ndo yanazidi kwenda polepole.

Upande wa pili kuna jenereta. Gridi yetu ni hezi 50, jenereta ya poli 4 (ncha za sumaku) kasi yake ya msingi ni 120 mara 50 gawa kwa 4, yaani mizunguko 1,500 kwa dakika. Kwenye V52 jenereta inaruhusiwa kwenda juu na chini ya hapo kwa msaada wa konveta ya kielektroniki, ikiwa kwenye nguvu kamili inakimbia 1,600 na kitu. Gawa kwa 26 unapata kama 62. Hiyo 62 ndo kazi nzima ya giaboksi.

Kuna anayeuliza si tuondoe giaboksi tufunge jenereta moja kwa moja kwenye mapanga. Inawezekana, Enercon wa Ujerumani wamejenga jina kwa hilo. Ila kwa kasi ya 26 ukitaka hezi 50 bila konveta ungehitaji poli kama 230, jenereta inakuwa duara kubwa na zito, na hata ukiweka konveta bado inabaki kubwa. Kwa hiyo unachagua maumivu yako, gia na oili au shaba na uzito.

Sasa torki, hapa ndo watu wanaruka

Nguvu inabaki ileile (toa kidogo inayopotea kwa joto) ila torki, yaani nguvu ya kusokota, inabadilika, na ndo inayokuambia kwa nini upande mmoja wa giaboksi ni wa machuma manene na mwingine mwembamba. Fomula ya fundi: 9,550 mara kilowati gawa kwa mizunguko ya dakika, jibu linakuja kwa nyuton-mita.

Upande wa mapanga: 9,550 mara 850 gawa kwa 26, inakuja kama 312,000. Upande wa jenereta, tuseme 1,622: inakuja kama 5,000 tu. Yaani shafti ya mbele inasokotwa mara 62 zaidi ya ile ya nyuma. Kwenye lori injini inakimbia na giaboksi inapunguza kasi ili tairi zipate nguvu, huku ni kinyume, nguvu inaingia ikiwa taratibu na nzito kupita kiasi halafu inatoka ikiwa nyepesi na ya kasi, na gia kubwa ndo inasukuma ndogo.

Ndo maana pia breki ya diski kwenye mitambo mingi inafungwa nyuma ya giaboksi, upande wa kasi, kwa sababu huko torki ni ndogo na kalipa ndogo inatosha. Ila kumbuka ukibana breki hiyo ghafla mtambo ukiwa unakimbia, mshtuko wote unapita kwenye meno ya gia kurudi mbele. Mtambo unasimamishwa kwa kugeuza mapanga yasishike upepo, breki ya diski ni ya kumalizia na ya dharura.

Fungua stegi moja moja

62 haipatikani kwa jozi moja ya gia, gia kubwa ingekuwa kubwa mno. Inagawanywa stegi (hatua) tatu: ya kwanza planetari, mbili za mwisho gia za kawaida zenye meno ya mshazari. Namba za meno zifuatazo nimezitunga za kufanyia hesabu, za mtambo wako utazipata kwenye kitabu chake au kibati cha giaboksi.

Planetari: kuna ringi kubwa ya nje ina meno ndani, haizunguki, imeshikwa na nyumba ya giaboksi. Ndani yake kuna gia tatu za katikati zimeshikwa na kibebeo, na kibebeo ndo kimeungwa na shafti ya mapanga. Katikati kabisa kuna gia ndogo, wenyewe wanaita gia ya jua. Kibebeo kikizunguka, zile tatu zinajiviringisha kwenye ringi na kuisukuma gia ya jua ikimbie. Uwiano wake ni 1 jumlisha meno ya ringi gawa kwa meno ya gia ya jua. Ringi 100, jua 20, unapata 6 (usisahau hiyo 1, wengi wanaiacha wanapata 5). Zile tatu lazima ziwe na meno 40 kila moja ili zienee kati ya 20 na 100.

Kwa nini planetari ikae mbele? Kwa sababu ya zile nyuton-mita 312,000. Mzigo unagawanywa njia tatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo chuma kinaweza kuwa kidogo. Ila kugawana kwa haki kunataka usahihi wa ajabu kwenye utengenezaji, kibebeo kikipinda kidogo gia moja inabeba zaidi ya wenzake na hiyo ndo itakayoanza kufa.

Baada ya hapo shafti ya gia ya jua inakimbia 26 mara 6, yaani 156. Stegi ya pili meno 92 yanasukuma 23, mara 4, tunafika 624. Ya tatu meno 78 yanasukuma 30, mara 2.6, tunafika 1,622. Zidisha 6 kwa 4 kwa 2.6 unapata 62.4, hesabu imefunga.

Meno ya mshazari yanashikana taratibu na zaidi ya moja kwa wakati, ndo maana kelele inapungua, lakini yanasukuma shafti kwenda pembeni pia, kwa hiyo kila shafti inahitaji beringi ya kuzuia msukumo huo. Kila stegi inakula kama asilimia 1 ya nguvu, stegi tatu kwenye kilowati 850 ni kama kilowati 25 za joto tupu ndani ya oili, sasa fikiria Turkana saa nane mchana, kipoza oili kikizibwa na vumbi unaelewa kwa nini mtambo unajipunguza nguvu wenyewe.

Geuza hesabu iwe sikio

Hapa ndo faida. Kila jozi ya gia inatoa mlio wake, na mlio ni meno mara mizunguko kwa sekunde. Tuendelee na namba zetu:

Planetari: kibebeo kinazunguka 26 kwa dakika, ni 0.433 kwa sekunde, mara meno 100 ya ringi, unapata hezi 43.
Stegi ya pili: 156 kwa dakika ni 2.6 kwa sekunde, mara 92, hezi 239.
Stegi ya tatu: 624 ni 10.4 kwa sekunde, mara 78, hezi 811.

Ukichukua grafu ya mtikisiko kutoka kwenye sensa (kihisi cha mtikisiko) utaona vilele kwenye namba hizo, na kuwepo kwake peke yake sio ugonjwa, gia nzima isiyo na shida nayo inalia. Angalia pembeni ya kilele. Mfano pale 811 kukiwa na vilele vidogo pande zote mbili vimeachana kwa hezi 27, basi shida iko kwenye kitu kinachozunguka mara 27 kwa sekunde, na 1,622 gawa kwa 60 ni 27, yaani shafti ya mwisho. Vikiachana kwa 10.4 shida iko kwenye shafti ya kati. Grafu haijakuonyesha picha ya jino lakini imekupa shafti, na hapo unajua kifuniko gani ufungue na kamera ndogo uiingize wapi.

Angalizo: namba zote hizo ni za kasi kamili. Upepo ukipungua mapanga yakaenda 18, kila kilele kinashuka kwa uwiano huohuo, kwa hiyo linganisha vipimo vya kasi na mzigo unaofanana, ukichanganya ya upepo mkali na ya upepo mdogo utajitisha bure. Na planetari ni ngumu kuisoma kwa njia hii, iko taratibu, iko ndani, mlio wake unafika kwenye sensa umeshachoka. Kule tegemea zaidi oili.

Beringi na oili

Watu wanaogopa meno, lakini takwimu zilizokusanywa na maabara ya nishati jadidifu ya Marekani iliyojulikana kama NREL, ambayo ilianza mradi maalum wa giaboksi za upepo 2007, zilionyesha karibu robo tatu ya uharibifu ni wa beringi, na nyingi ni za shafti za kasi. Inashangaza mwanzoni kwa sababu torki kubwa iko mbele, ila ukifikiria inaeleweka: beringi ya nyuma inakimbia sana ikiwa na mzigo mdogo, rola zinateleza badala ya kuviringika, halafu upepo unavuma ghafla au gridi inakatika mzigo unageuka upande, rola zinagongwa. Nyufa zinaanzia ndani ya chuma, juu kunaonekana kuzuri mpaka siku kipande kinabanduka.

Oili ina kazi ngumu kwa sababu inahudumia mabwana wawili. Mbele kuna mwendo wa pole na mzigo mzito, panataka oili nzito, nyuma kuna kasi, panataka nyepesi. Wengi wanamalizia kwenye sinthetiki ya daraja la 320. Ukiweka daraja lingine kwa sababu stoo imeisha umeharibu hesabu hiyo yote. Maji ni adui mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kile kipumulio chenye vidonge vya kunyonya unyevu kikibadilika rangi badilisha, ni bei ndogo mno ukilinganisha na beringi moja.

Sampuli ichukuliwe oili ikiwa bado ya moto, muda mfupi baada ya kusimama, kila safari kutoka tundu lilelile, mwaga ile ya kwanza iliyolala kwenye bomba. Ukisubiri mpaka kesho chembe za chuma zimeshazama chini na maabara watakuambia kila kitu safi. Kitu cha muhimu ni mwenendo, chuma kikipanda safari hadi safari ndo habari, namba moja peke yake haikuambii kitu.

Na kukaa bila kuzunguka nako kunaua. Mitambo ya Turkana ilikamilika kusimamishwa 2017 ikasubiri laini ya umeme ya kwenda Suswa mpaka Septemba 2018. Hali kama hiyo inataka mpango, kwa sababu mnara unatikiswa na upepo, rola zinasuguana palepale bila oili mpya kuingia, zinachimba vijistari kwenye beringi. Afadhali mapanga yaachwe yakizunguka taratibu yenyewe na pampu ya oili ifanye kazi kuliko kuyafunga pini miezi na miezi.

Ukipanda juu

Kabla ya kugusa kifuniko chochote pini ya kufunga mapanga iwe imeingia, umeme umekatwa na kufuli yako mwenyewe imening'inia, breki ya diski sio kufuli. Toa vitu mifukoni, nati moja ikidondokea ndani siku imeharibika.

Anza na vya bure: angalia filta na sumaku ya oili. Unga mwembamba wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyong'aa vyenye ukubwa wa kushikika na kucha sio kawaida. Halafu sili, halafu zile raba za mikono miwili inayoshikilia giaboksi, zikipasuka giaboksi inacheza na shafti ya kasi inakaa upande. Halafu kaplingi ya kwenda kwenye jenereta, hiyo inabeba kutonyooka kidogo na pia inazuia umeme wa jenereta usipite kwenye beringi, kwa hiyo usije ukaweka boliti ya chuma mahali palipokuwa na kizuizi. Jenereta ikikaa juu ya raba zake kwa muda inashuka, kwa hiyo pima unyoofu kwa leza, macho hayatoshi.

Baada ya hapo ndo ingiza kamera, ukianza na shafti ya kasi, kwa sababu ndo inayoharibika zaidi na ndo inayotengenezeka kirahisi. Kwenye giaboksi nyingi beringi za shafti ya kasi, na mara nyingi shafti yenyewe, zinabadilishwa hukohuko juu kwa winchi ya ndani. Planetari ni hadithi nyingine, hiyo inataka mapanga yashuke au giaboksi nzima itoke, na kreni ya kufika Loiyangalani kwa barabara ile haiitwi kwa simu ya asubuhi ikaja jioni. Ukikuta chuma kwenye oili na shafti za kasi zote ni safi, agiza kreni mapema na upunguze nguvu ya mtambo wakati unasubiri.