Somo: Glavu za mvua kwa motari (waendesha pikipiki za abiria) wa Bukavu, na namna ya kuzijaribu kabla ya kulipa

Wandugu, mvua ya Septemba imesharudi na tutakuwa nayo hadi Mei. Wengi mmeniuliza kuhusu glavu zisizopitisha maji, kwa hiyo naandika yote mahali pamoja.

Kwanza mjue kwa nini jambo hili nalishikilia. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa nashuka kutoka Tshivanga, kule milimani, kuelekea Miti, jioni, mvua inamwagika, nimembeba mama mmoja na gunia lake la kabichi. Mikononi nilivaa glavu nene kabisa, zile ambazo Wazungu huvaa kwenye michezo ya theluji, nilizozipata kwenye chagua, soko la mitumba, pale Kadutu. Zilikuwa zimelowa hadi ndani, nzito kama sifongo. Mbuzi akakatiza barabara. Akili iliniambia shika breki, vidole vikachelewa. Nilipoufikia mkono wa breki sikuweza kuhisi nimeuvuta kiasi gani, nikauvuta wote. Tairi la mbele likateleza, tukaishia mtaroni. Mama aliumia goti. Nilikwenda kumwona kwake kwa wiki mbili, na kila nilipoingia macho yangu yalikwenda kwenye ile bandeji. Tangu hapo nikishika glavu dukani siulizi kama ni nene. Nauliza kama kidole kitahisi breki.

Baridi yetu watu huichukulia kirahisi kwa sababu tuko karibu na ikweta. Lakini Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Tshivanga inavuka mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa digrii 6 hivi. Halafu kuna upepo wa mwendo: hewa ya digrii 10, ukikimbia kilomita 60 kwa saa, mwili unaihisi kama digrii 5, na hesabu hiyo ni ya ngozi kavu. Mkono uliolowa ni habari nyingine, maana maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa. Na kidole kilichokufa ganzi kikichelewa nusu sekunde tu, ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, umeshasogea mita 7 kabla breki haijaanza kazi.

Hatua ya 1: Pima mkono

Zungusha uzi kwenye kiganja, chini kidogo ya vifundo vya vidole, kidole gumba kikae nje. Sentimita 20 ni saizi 8, sentimita 23 ni saizi 9, 25 na nusu ni saizi 10. Ukiwa katikati, chukua kubwa. Glavu inayobana inakandamiza bitana, na bitana hutunza joto kwa hewa iliyonaswa ndani yake. Pia inazuia damu isifike kwenye ncha za vidole. Ubaki na nafasi ndogo mbele ya kila kidole, kama upana wa punje ya mchele. Kisha kunja ngumi kana kwamba umeshika gazi, ule mkono wa kuongezea mwendo. Hapo ndipo glavu fupi zinajulikana.

Hatua ya 2: Tafuta utando

Hapa ndipo wauzaji wanatudanganya, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ngozi peke yake haizuii mvua ya saa nzima, na nailoni nene haizuii. Kinachozuia ni utando mwembamba ulio kati ya gamba la nje na bitana. Gore-Tex ndiyo inayojulikana zaidi, lakini kuna nyingine nyingi. Utando mzuri mara nyingi una vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita.

Utaujuaje? Shika kidole kimoja cha glavu, upande wa kiganja, kati ya gumba lako na kidole cha shahada, kisha sugua polepole. Utahisi gamba la nje na bitana. Kukiwa na utando, katikati yao kuna kitu cha tatu kinachoteleza, na ukisogeza sikio unasikia mchakacho mdogo kama wa sashe (mfuko wa plastiki) ya mkate. Hakuna mchakacho, hakuna kitu cha tatu? Mara nyingi hakuna utando, hata kama lebo imeandikwa nini. Kwenye baadhi ya glavu za bei kubwa, utando umegandishwa moja kwa moja kwenye gamba, hivyo hausikiki. Hizo ndizo bora zaidi kwa kuhisi breki, lakini kwetu huku nimeziona mara chache sana.

Jaribu pia kuvuta bitana taratibu kutoka ndani, kidole kwa kidole. Ikitoka kwa urahisi, haikushikizwa kwenye ncha. Siku utakayovua mkono uliolowa, itageuka nje pamoja na vidole vyako, na kuirudisha ndani ni kazi ya kutoa machozi.

Hatua ya 3: Angalia kiganja na vifundo

Joto liwe upande wa juu wa mkono, ambako upepo unapiga. Kiganja kiwe chembamba, cha ngozi ya mbuzi au kitambaa kigumu kinachoshika. Ukikuta kiganja kinene kama mto, rudisha: ndicho kilichonipeleka mtaroni.

Ndani tafuta lebo ndogo yenye picha ya pikipiki na namba EN 13594. Hicho ni kipimo cha Ulaya cha glavu za waendesha pikipiki. Namba 1 au 2 inaonyesha kiwango cha ulinzi, 2 ikiwa juu, na herufi KP zinamaanisha kinga ya vifundo imejaribiwa. Lebo hughushiwa, kwa hiyo isikuzuie kukagua mishono kwa macho yako.

Hatua ya 4: Shingo ya glavu

Ukisimama kwenye foleni pale Feu Rouge, maji yanatiririka kutoka begani, yanafuata mkono. Glavu ikiwa juu ya koti, umejitengenezea faneli. Kwa hiyo shingo ya glavu iingie ndani ya mkono wa koti la mvua, na koti lifungwe juu yake. Nenda dukani na koti lako. Glavu nyingi nzuri zina shingo pana ambayo haiingii kwenye makoti yetu, na hilo hutalijua nyumbani kwako bila kulipia.

Hatua ya 5: Beseni

Muuzaji wa mitumba akikubali, mwekee rehani kidogo. Vaa glavu, zamisha mkono kwenye maji hadi kabla ya shingo, kisha kunja na kukunjua vidole kwa dakika kumi kama unayecheza klachi. Toa, futa nje, vua, gusa vidole kwa karatasi laini. Mara nyingi maji huingilia kati ya gumba na kidole cha shahada, maana mshono wa pale huchoka kwanza. Akikataa, pulizia hewa ndani, bana shingo, sogeza shavu lako kwenye mishono. Pancha ya wazi utaihisi.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Bagira: Yaya, mi niko navaa glavu za munganga chini ya glavu za sufu. Ni mubaya?*

Hizo glavu za daktari, kwa safari ya dakika kumi zinakusaidia, ndugu yangu. Baada ya nusu saa jasho halina pa kutokea, mkono unalowa kwa ndani. Kama hela bado haijatosha, vaa sufu nyembamba, juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo, kubwa kwa saizi moja, zenye kiganja cha mikwaruzo. Maji hayapiti. Lakini ukianguka hazikulindi kitu, kwa hiyo mwendo uwe wa taratibu.

*Kutoka Kamanyola: Huku chini ni joto, lakini nikipanda Ngomo kuja Bukavu naganda. Nichukue zipi?*

Kaka, kwa njia yako usichukue zenye sufu nyingi. Chukua glavu yenye utando na bitana nyembamba, na uweke soksi za mikono za sufu mfukoni. Simama kabla ya kupanda, uzivae ndani. Hakikisha umenunua saizi yenye nafasi hiyo.

*Kutoka Panzi: Mimi ni mwanamke motari, glavu zote ni kubwa, vidole vinabaki vitupu mbele.*

Dada, kidole kitupu kinanasa kwenye mkono wa breki, usikubali. Tafuta saizi 6 au 7, au zilizoandikwa za wanawake, ambazo vidole vyake ni vyembamba. Usimpe fundi cherehani azipunguze: kila tundu la sindano kwenye utando ni mlango wa maji.

*Kutoka Muhungu: Zikilowa nazianika juu ya mbabula (jiko la makaa). Ngozi imekuwa ngumu kama ubao. Inarudi?*

Haiwezi kurudi yote. Ngozi iliyokaushwa kwa makaa hupasuka, na utando unaweza kuachana na gamba. Jaribu kuipaka mafuta ya kulainishia vitu vya ngozi, kidogo kidogo, siku kadhaa. Kwa zijazo: zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, zikamue kwa kubonyeza bila kusokota, zijaze magazeti, uzitundike vidole vikitazama juu mahali penye upepo. Badilisha magazeti asubuhi. Huchukua siku mbili, ndiyo maana mimi nina jozi mbili.