Somo: Kuandaa mfululizo wa matamasha ya kwaya na muziki wa klasiki kanisani

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu wa sharika, Bwana Yesu asifiwe.

Somo hili ni la walimu wa kwaya na viongozi wanaotaka kanisa lao liwe na matamasha ya kudumu. Sizungumzii uzinduzi wa albamu wenye mgeni rasmi na harambee. Huo tunauweza tayari. Matamasha manne kwa mwaka, ya saa moja kila moja, kwa utaratibu usioyumba, yatawafikisha mbali kuliko moja la saa tano linalowaacha waimbaji hoi na mweka hazina akikwepa simu.

Jambo hili lina mizizi. Katika mji wa Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, Kanisa la Mt. Maria lilikuwa na muziki wa jioni uliovuma sana chini ya mpiga ogani Dieterich Buxtehude, aliyeanza kazi pale mwaka 1668. Ulipigwa Jumapili tano maalumu kabla ya Krismasi, wafanyabiashara wa mji wakachangia gharama, watu wakaingia bure. Mwaka 1705 kijana wa miaka 20, Johann Sebastian Bach, alitoka Arnstadt kwa miguu, kama kilometa 400, kwenda kumsikiliza Buxtehude. Alikuwa ameomba ruhusa ya wiki nne. Akakaa karibu miezi minne. Walimu mnaofuta majina ya watoro, msiwe wakali sana.

Hatua ya 1: Ruhusa kabla ya mazoezi

Kwa Wakatoliki kuna mwongozo wa Vatikano wa tarehe 5 Novemba 1987 kuhusu matamasha makanisani. Walimu wengi hawajausoma, kisha wanashangaa paroko akikataa. Maombi yapelekwe mapema kwa maandishi, yakitaja tarehe, saa, nyimbo na watunzi wake. Ruhusa ni ya askofu, na mipango ya ndani mnapatana na paroko. Kiingilio hakitozwi, na mlango uwe wazi kwa wote. Waimbaji wasipangwe patakatifuni. Altare, kiti cha padre na mimbari viheshimiwe. Ekaristi ihamishiwe, inapowezekana, kwenye kikanisa cha pembeni. Mwandaaji atamke kwa maandishi kwamba anabeba gharama na uharibifu wowote, na kwamba kanisa litaachwa katika hali nzuri. Sharika za Kilutheri, Kianglikana na Kimoraviani zina taratibu zao, lakini barua ya namna hiyo kwa baraza la wazee haijawahi kumdhuru mtu.

Hatua ya 2: Kalenda

Chagueni nyakati nne zinazoeleweka kwa waumini: Kwaresima, baada ya Pasaka, karibu na sikukuu ya Mt. Sesilia (22 Novemba), na Majilio. Halafu tazameni mawingu. Kanisa lililoezekwa bati likinyeshewa, kipande cha sauti ndogo kimekwisha. Pwani na kaskazini epukeni kilele cha masika, Aprili hasa; basi lile la baada ya Pasaka lisogezwe hadi Juni. Nyanda za juu kusini mvua hunyesha Novemba hadi Aprili, kwa hiyo huko mjikite zaidi katikati ya mwaka.

Saa kumi jioni ni nzuri. Mnamaliza kabla ya giza, na msikiti wa jirani haujaadhini magharibi. Wapelekeeni nao mwaliko. Baadhi ya wasikilizaji makini niliowahi kuwaona katika matamasha haya walikuwa Waislamu wa mtaani.

Hatua ya 3: Programu

Hapa ndipo tamaa inapoua. Mwalimu ameisikia Masihi ya Handel yote kwenye simu, anataka kuifanya yote. Ni zaidi ya saa mbili! Chukueni vipande visivyozidi dakika 50 kwa jumla, msiweke mapumziko, watu warudi nyumbani wakitamani kingine.

Ningeanza na Ave verum corpus ya Mozart, ya mwaka 1791, mwaka aliofariki. Ni vipimo 46 tu, sauti nne zinakwenda karibu pamoja, haina kelele. Usidanganyike na ufupi wake. Nitalirudia hilo kwenye nota. Kwa Kwaresima kuna Popule meus ya Tomás Luis de Victoria, isiyohitaji kinanda kabisa. Haleluya ya Handel, iliyomo ndani ya Masihi, wekeni mwisho, kwa kuwa kila mtu anaisubiri, na kwa kuwa pale soprano inaposhikilia noti ndefu zinazopanda ngazi kwa ngazi, kwaya iliyochoka hupiga kelele badala ya kuimba. Kwa kwaya iliyokomaa, Misa katika G ya Schubert: aliitunga mwaka 1815 akiwa na miaka 18, kwa muda usiofika wiki, na inachukua chini ya nusu saa.

Katikati ya hivyo wekeni nyimbo zetu, na zipewe mazoezi yaleyale. Tamasha lenye Kilatini na Kijerumani tupu linawaambia waumini kwamba hawakualikwa. Tovuti ya Swahili Music Notes ina nota za watunzi wetu wengi wa Kikatoliki. Zitafuteni zile ambazo kwaya yenu haiziimbi kila Jumapili.

Hatua ya 4: Nota

Kazi za Bach, Handel, Mozart na Schubert zenyewe haki zake zimekwisha. Nota zake zinapatikana bure katika maktaba za mtandaoni za IMSLP na CPDL. Watunzi wa sasa ni habari nyingine: Tanzania na Kenya haki ya mtunzi huendelea miaka 50 baada ya kifo chake, na kutoa fotokopi mkoba mzima siyo huduma kwa Bwana.

Kwaya nyingi husoma solfa. Mwalimu akae aandike solfa kutoka kwenye mistari mwenyewe, kwa sababu ndiyo njia ya kugundua mitego. Ave verum huanza do ikiwa D, huenda A, kisha kwenye maneno “cujus latus” inaingia F. Hapo badilisheni do waziwazi, mwandike daraja juu ya karatasi, yaani noti ileile kwa jina lake la zamani na jipya. Ukiwaachia waimbaji alama za ta na ma (ti na mi zilizoshushwa) zinazofuatana, sauti ya pili itapotea na kuwaburuta wengine.

Kuhusu matamshi tuna bahati. Vokali tano za Kilatini cha Kanisa ni karibu sawa na zetu, tofauti na Waingereza wanaohangaika nazo. Angalieni tu: c mbele ya e na i husomwa ch, na gn husomwa ny. Agnus ni “Anyus”.

Hatua ya 5: Mazoezi

Wiki nane zinatosha programu ya saa moja. Wiki mbili za mwanzo kila sauti peke yake. Kisha unganisheni soprano na besi, maana wakielewana hao wawili nyumba ina sakafu na paa. Alto na tenor waingie baadaye. Kinanda kizimwe angalau nusu ya kila zoezi, mwone mnashuka kiasi gani. Mazoezi mawili ya mwisho yawe ndani ya kanisa lenyewe, kila mtu mahali atakaposimama.

Hatua ya 6: Jengo na vyombo

Najua nitapingwa: zimeni spika. Kanisa lenye sakafu ya marumaru na kuta tupu tayari linarudisha sauti kwa wingi. Ukiongeza maikrofoni unapata uji. Pigeni kofi moja kanisa likiwa tupu, msikilize mlio unachukua muda gani kufa. Ukidumu, imbeni taratibu kidogo na mkate konsonanti pamoja. Kumbukeni pia kwamba watu wakijaa, mwili na nguo zao hunywa sauti. Maikrofoni moja ibaki kwa msemaji.

Violini msipokuwa nazo msilie. Sharika nyingi za KKKT, yaani Walutheri wa Tanzania, zina matarumbeta, urithi wa wamisionari wa Kijerumani, na koral za Bach, yaani tenzi za Kilutheri alizozipangia sauti nne, zinawakaa vizuri mno. Kwenye tarumbeta ya B bapa, kama mpigaji anasoma kwa mtindo wa bendi, mwandikieni toni moja juu. Na anayedhani orkestra ni ya matajiri aangalie Kinshasa. Orkestra ya Simfoni ya Kanisa la Kimbangu ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Mwanzoni wanafunzi walipokezana vyombo, na nyuzi za violini zikikatika walitumia waya wa breki za baiskeli. Baadaye walipiga Simfoni ya Tisa ya Beethoven.

Siku yenyewe mambo ni machache: karatasi ya programu yenye tafsiri ya Kiswahili ya kila wimbo, sare zilizopigwa pasi, msemaji anayeongea dakika mbili na kukaa, na nyimbo mbili zisizo na kinanda za kuokoa jahazi umeme ukikatika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mweka hazina, Moshi: Shikamoo mwalimu. Bila kiingilio gharama tunazitoa wapi?

Marahaba. Fanyeni kama Lübeck: wafadhili wachache wanaoahidi mwaka mzima, majina yao kwenye karatasi ya programu. Wekeni na kapu la hiari mlangoni wakati wa kutoka. Mkitaka tiketi, nendeni ukumbini. Masihi yenyewe ilifunguliwa ukumbini, Dublin, 13 Aprili 1742, kwa tiketi na kwa ajili ya hisani. Wanawake waliombwa waache vipanua sketi na wanaume panga zao ili watu wengi zaidi waenee, na sehemu ya fedha ikawatoa wafungwa wa madeni 142. Mkisema wazi fedha inakwenda wapi, watu hutoa.

Sauti ya Nne, Mwanza: Waumini wetu wamezoea kuja mbele kututunza. Tuwazuie?

Msemaji aombe kwa upole mwanzoni kwamba utunzaji ufanyike kwenye kapu. Noti ya elfu tano ikibandikwa kwenye paji la uso la tenor katikati ya Victoria, tenor hatoki salama. Vigelegele baada ya wimbo viacheni. Mimi siwezi kumnyamazisha mama aliyeguswa na Haleluya.

Katibu wa kwaya, Nakuru: Ni lazima watu wasimame kwenye Haleluya? Huku wazee wanasema Mfalme George alisimama.

Si lazima. Kisa cha Mfalme George wa Pili kusimama hakina ushahidi wa mtu aliyekuwepo; tunachojua ni kwamba desturi ni ya zamani. Anayetaka asimame, mwenye magoti mabovu akae.

Mwalimu msaidizi, Songea: Misa ya Schubert tunaweza kuiimba kwenye Misa ya Jumapili pia?

Kyrie, Sanctus na Agnus Dei sawa, paroko akiridhia na muda ukitosha. Nasadiki yake hapana. Schubert aliruka maneno ya “Kanisa moja, takatifu, katoliki la mitume”, na alifanya hivyo katika Misa zake zote. Kwenye tamasha haina shida. Kwenye ibada imbeni Nasadiki nyingine iliyo kamili.

Mwanakwaya, Bujumbura: Vijana wanataka Baba Yetu ya Christopher Tin, ile ya mchezo wa kompyuta. Inafaa?

Inafaa. Maneno ni sala yetu kwa Kiswahili, na mwaka 2011 iliupa muziki wa michezo ya kompyuta Grammy yake ya kwanza. Ila mtunzi yu hai na nota zinauzwa, kwa hiyo nunueni nakala kulingana na idadi ya waimbaji, na andikeni jina lake kwenye barua ya ruhusa kama wengine. Mtahitaji pia mwimbaji wa peke yake mwenye sauti ya kuvuka kwaya nzima bila maikrofoni. Mtafuteni huyo kwanza ndipo mnunue.