Kufuatilia Ukoo na Shamba la Familia ya Ugogo

Anza na mwaka 1970, si na babu wa kwanza. Operesheni Dodoma ilipohamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, familia nyingi ziliacha mahame yao, yaani makazi ya zamani yaliyohamwa, na kupewa shamba kwingine. Ukichanganya maeneo hayo mawili, utahangaika kutafuta karatasi za ardhi ambayo haikuwahi kuandikiwa karatasi. Tumia daftari kubwa: ukurasa wa kushoto watu, wa kulia ardhi.

Wazee wahojiwe mmojammoja, maana wakikaa pamoja mkubwa husema na wengine huitikia. Usiulize mwaka wa kuzaliwa. Uliza marehemu alikuwa na umri wa kufanya kazi gani wakati wa Mtunya, njaa kubwa ya 1917 hadi 1920, au wakati wa mradi wa karanga wa Kongwa ulioanza 1947. Anayesemwa kuwa alichunga mbuzi wakati wa Mtunya, mkadirie kuzaliwa kati ya 1906 na 1914.

Swali linalozaa matunda kuliko yote ni la mahari: ng'ombe wa bibi walitoka kwa nani, na walipofika waligawiwa nani? Kwa desturi ya Kigogo mahari huchangwa na kugawanywa kwa ndugu wa kuumeni na wa kukeni, hivyo nyuma ya kila ng'ombe kuna mtu. Andika aliyetoa, aliyepokea na undugu wao. Hapo ndipo wajomba na mashangazi waliosahauliwa hujitokeza. Angalia sana neno "baba": laweza kuwa baba mkubwa au mdogo. Uliza kila mara, "Ndiye aliyemzaa? Mama yake nani?" Palipo na wake wengi, panga watoto kwa nyumba za mama zao.

Andika pia jina la ukoo, mwiko wake na unakosemekana kutoka. Koo kadhaa za Kigogo husimulia asili ya Uhehe au kwingineko. Kisha nenda kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia za zamani, kama Mvumi au Mpwapwa. Pekua miaka mitano kabla na mitano baada ya makadirio yako, na usishike jina la ubatizo peke yake: jina la Kigogo mara nyingi lipo kwenye safu ya mzazi.

Mahame tembeleeni kiangazi, nyasi zikiwa fupi. Tafuteni kichuguu cha udongo wa tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa) lililoanguka, mawe ya kusagia, minyaa, makaburi na udongo mweusi wa zizi. Pima kila kona kwa GPS ya simu. Mbuyu ni alama nzuri ya mahali, lakini unene wake hauthibitishi umri.

Sasa sheria. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 kinahalalisha ugawaji uliofanyika vijijini kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977, na kufuta haki za kimila zilizotangulia juu ya ardhi hiyo. Mahame, basi, huthibitisha historia. Peke yake hayatoshi kudai shamba alilogawiwa mwingine. Kwa shamba la sasa, omba kuona masjala ya ardhi ya kijiji na mihtasari ya mkutano mkuu. Kama eneo limemezwa na mji, uliza halmashauri ya jiji la Dodoma, iliyorithi majukumu ya CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) mamlaka hiyo ilipovunjwa 2017. Nenda na namba ya kiwanja na kitalu, pamoja na jina la aliyekuwa akilima, likiandikwa kwa tahajia zote unazozijua.